Temeke haijapungua watu, mipaka ndiyo iliyohama

Katibu wa kikundi kimoja cha vijana ameniandikia hivi:

"Shikamoo mzee. Tupo kumi na wanne hapa Mbagala Kizuiani, tunashona na kuuza nguo. Tunaandaa andiko la kuomba fedha na tumetakiwa tueleze hali ya wilaya: watu ni wangapi, wanaishi kwenye nyumba za namna gani, wanafanya kazi gani. Nimekuta sensa ya 2012 inasema Temeke ina watu 1,368,881, halafu ya 2022 inasema 1,346,674. Yaani tumepungua zaidi ya elfu ishirini na mbili! Lakini mimi kila siku naona watu wanaongezeka, daladala zinajaa, vyumba havipatikani. Sensa ilikosea, au watu wamehama? Na nikiandika kwamba tunapungua, si tutakosa hizo fedha?"

Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kuandika. Andiko lenye namba hizo mbili zikiwa zimekaa hivyo lingeweza kupita kwa watu watatu wanne bila kosa kuonekana, na siku likimfikia mtu mmoja anayeijua Temeke, angelifunga hapo hapo na kuchukua la wenzenu.

Macho yako hayajakudanganya, na sensa haijakosea. Namba ulizoziweka pamoja ni za maeneo mawili tofauti yenye jina moja. Temeke iliyohesabiwa Agosti 2012 ilikuwa na Kigamboni ndani yake: Kibada, Vijibweni, Mjimwema, Somangila, mpaka Kimbiji na Pemba Mnazi kule mwisho. Baadaye Kigamboni ikakatwa ikawa wilaya yake yenyewe, kwa hiyo sensa ya Agosti 2022 ilipokuja, watu wale wakahesabiwa kwa jina jingine. Hawakuhama. Walilala kwenye nyumba zile zile, mpaka ndio uliowapita juu ya vichwa. Kinondoni nayo ilikatwa hivyo hivyo, ikatoka Ubungo, na ukichukua Kinondoni ya 2012 yenye watu 1,775,049 ukaiweka kando ya Kinondoni ya 2022 yenye 982,328, utadhani kuna janga lilipita.

Sasa tuzipange sawasawa. Ukichukua zile kata zilizobaki Temeke na kuzihesabu peke yake kwa namba za 2012, unapata watu 1,205,949. Mwaka 2022, ndani ya mipaka hiyo hiyo, walikuwa 1,346,674. Ni ongezeko la watu 140,725 kwa miaka kumi. Hiyo ndiyo sentensi ya kuandika. Kigamboni, kwa mipaka yake ya sasa, ilikuwa na watu 162,932 mwaka 2012 na ikafika 317,902 mwaka 2022. Ukiziunganisha tena wilaya zote mbili zikawa Temeke ile ya zamani, unapata watu 1,664,576, yaani wameongezeka karibu laki tatu.

Ukiishia hapo andiko lako litakuwa sahihi. Lakini umeniuliza pia kama watu wamehama, na hapo ndipo penye mambo.

Tazama mwendo wa ongezeko lenyewe. Temeke ya sasa imekua kwa takriban asilimia 1.1 kwa mwaka. Mkoa mzima wa Dar es Salaam, uliotoka watu 4,364,541 ukafika 5,383,728, umekua kwa asilimia 2.1. Taifa limekua kwa asilimia 3.2. Mtu mzima wa hapa akiisikia hiyo 1.1 anashangaa, maana watoto wanaozaliwa Temeke kwa mwaka, ukiondoa wanaofariki, wangetosha peke yao kuikuza wilaya zaidi ya hapo. Tafsiri yake ni moja tu: wanaotoka ni wengi kuliko wanaoingia. Kwa hiyo hisia yako kwamba "watu wamehama" ina ukweli wake, ingawa umeipata kwa njia isiyo yake.

Wanaenda wapi? Sehemu wamevuka maji. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa Aprili 2016, likaunganisha Kurasini na ng'ambo, na mtu aliyekuwa anapanga foleni ya kivuko akaanza kuona kiwanja cha Kibada kuwa ni cha mjini. Ndiyo maana Kigamboni karibu imejizidisha mara mbili. Sehemu nyingine, na kwa ninyi wa Barabara ya Kilwa hii ndiyo kubwa, wamefuata lami kusini. Ukishavuka Kongowe unaingia Mwandege, Vikindu, Kisemvule. Hapo umeshatoka Dar es Salaam, uko Mkuranga, Mkoa wa Pwani. Wilaya ya Mkuranga ilikuwa na watu 222,921 mwaka 2012. Mwaka 2022 ilikuwa na 533,033. Rudia kuisoma hiyo. Wilaya tuliyokuwa tukiijua kwa mikorosho na mihogo imezidi mara mbili kwa miaka kumi, na kati ya hao wapya wamo watu wa Mbagala, Tandika na Mtoni waliochoka kupanga, wakanunua kiwanja kwa awamu, wakapandisha tofali kidogo kidogo, wakahamia kabla ya kupiga plasta.

Zile daladala unazoziona zimejaa basi si mwujiza. Anayelala Vikindu anahesabiwa Mkuranga, lakini alfajiri anapanda gari anapita mbele ya kibanda chenu Kizuiani, anashuka Kariakoo ambayo ni ya Ilala, na jioni anarudi na kununua nyanya Rangi Tatu. Kwa siku moja amegusa halmashauri tatu na mikoa miwili. Sensa inauliza kuhusu usiku wa kuamkia siku ya kuhesabiwa, na inafanya hivyo kwa sababu nzuri, maana usiku mtu yuko mahali pamoja na hahesabiwi mara mbili. Lakini usiku hauwezi kukueleza mchana. Mbagala ya saa kumi na mbili jioni ina watu wengi ambao hawamo kwenye namba ya Temeke, na ninyi mnaouza nguo mnawauzia hao hao. Waandikeni. Semeni wazi kwamba wateja wenu ni wakazi wa Temeke pamoja na wapita njia wa Mkuranga na Kigamboni, na namba za wilaya zote tatu muweke.

Ndani ya Temeke yenyewe pia watu hawajakaa sare. Kata za ndani, Keko, Chang'ombe, Kurasini, Temeke yenyewe, zina mwendo mmoja. Kata za nje, Chamazi, Toangoma, Buza, Mianzini, zina mwendo mwingine kabisa. Kurasini sehemu za makazi zilifidiwa, nyumba zikavunjwa, ardhi ikaenda kwenye shughuli za bandari na biashara. Waliolipwa wengi walikwenda kununua nje, huko Kijichi, Chamazi au Kigamboni. Chamazi ndiyo inayowapokea, pale ambapo miaka ya tisini kulikuwa na mashamba na leo kuna uwanja wa mpira wa Azam na nyumba zimekwenda hadi Mbande. Kwa hiyo mtu akikuuliza Temeke inakua au haikui, muulize anasimama wapi.

Sasa nyumba.

Temeke ya kwanza ilijengwa na serikali ya kikoloni baada ya Vita Kuu ya Pili, nyumba za wafanyakazi Waafrika, kama ilivyofanywa Ilala na Magomeni. Ndizo zile watu wazima wanaziita kota. Ukaribu wa bandari na viwanda vya Chang'ombe na Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, ndio ulioleta watu, na waliokuja wengi walikuwa wa kusini: Rufiji, Kilwa, Lindi, Mtwara, pamoja na Wazaramo wenye ardhi yao. Kota hazikuwatosha hata siku moja. Watu wakanunua kwa wenye mashamba, wakajenga Tandika, Mtoni, Yombo, Keko. Mwishoni mwa miaka ya sabini Tandika na Mtoni zikaingizwa kwenye mradi wa Benki ya Dunia wa kuboresha makazi, zikapata barabara na maji bila kubomolewa. Sehemu kubwa iliyobaki ilijijenga yenyewe, na hali hiyo ndiyo ya Dar es Salaam kwa jumla: wakazi wengi wa jiji, kadirio linalotajwa mara nyingi ni watu saba au zaidi kati ya kumi, wanaishi kwenye maeneo ambayo hayakupimwa kabla ya kujengwa.

Ninakusihi usiandike "makazi duni" kisha ukasonga mbele. Eleza nyumba yenyewe.

Mwaka 2002 nilikuwa nasimamia makarani wa sensa Tandika. Tukafika kwenye nyumba ya Kiswahili ya kawaida kabisa: mlango katikati, korido imenyooka mpaka uani, vyumba vitatu huku na vitatu huku, choo na bafu nyuma. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, alikuwa barazani anachagua mchele. Karani wangu, kijana mgeni wa kazi, akamwamkia kisha akamuuliza, "Mama, hapa kuna kaya ngapi?" Akajibiwa, "Moja, mwanangu. Nyumba yangu, nimeachiwa na marehemu." Yule kijana akaanza kuandika moja. Nikamwambia subiri, twende uani. Uani tukakuta majiko ya mkaa sita yamepangwa ukutani, kila moja na sufuria yake, na majina yameandikwa kwa rangi kwenye ndoo ili zisiibwe. Kaya kwa maana ya sensa ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Vyungu vilikuwa sita, kaya sita, watu ishirini na mmoja. Chumba kimoja kilikuwa na vijana wawili wa bandarini wenye kitanda kimoja: mmoja anashika zamu ya usiku, mwingine ya mchana, kitanda hakipoi. Huyo wa zamu ya usiku naye anahesabiwa pale pale, maana sensa haimpotezi mtu aliyekuwa kazini usiku.

Mama yule hakutudanganya. Kwake yeye wapangaji ni watu wake, anawajua mpaka watoto wao wanaumwa nini. Lakini kama tungeandika kaya moja ya watu ishirini na mmoja, mtu aliyeko ofisini angesema Tandika kuna familia kubwa mno, wakati ukweli ni kwamba familia ni ndogo na chumba ndicho kinachobeba. Nimeyakumbuka haya kwa sababu makosa ya namna hiyo bado nayaona kwenye maandiko ya vikundi. Mnaandika "nyumba 40" mkidhani mmeandika "familia 40".

Nyumba ile bado ipo. Nimepita hapo mwaka juzi. Vyumba viwili vya mbele vimetobolewa kwa nje vikawa fremu: kimoja saluni, kingine wakala wa pesa za simu. Vyumba vya kulala vimebaki vinne. Piga hesabu hiyo kwa mtaa mzima, nyumba baada ya nyumba, ongeza zilizouzwa na warithi zikawa gesti au stoo, na utaelewa kwa nini kata za ndani zinapunguza watu huku zinazidi kuwa na shughuli. Fremu inalipa kuliko mpangaji, na haipigi kelele usiku.

Aliyetolewa chumbani anatafuta kingine, na hapo ndipo penye maumivu unayoyasema. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka. Tuseme chumba ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Utatoa 300,000, na dalali anataka ya mwezi mmoja, 50,000 nyingine. Kijana anayepata hela kwa siku anatakiwa awe na 350,000 mkononi kabla hajanunua godoro. Ndio sababu wanabaki kwa wazazi, au wanakaa watatu chumba kimoja, au wanakwenda Vikindu ambako pesa hiyo hiyo ni malipo ya kwanza ya kiwanja. Ukitaka kueleza kwa nini Mkuranga imejaa, anza na kodi ya miezi sita.

Maji, umeme na choo ni mambo ya kuangalia kwa karibu pia. Nyumba ya kaya sita yenye mita moja ya LUKU ina kesi kila wiki: mwenye friji alipe zaidi au sawa na mwenye taa moja? Ninyi mnaoshona kwa mashine za umeme mnaijua kesi hiyo. Bomba likitoa maji kwa zamu, watu wananunua kwa dumu kutoka kisimani kwa jirani, na maji ya dumu siku zote ni ghali kuliko ya bomba ukipiga hesabu ya lita kwa lita. Vyoo vingi ni vya shimo. Kwenye mitaa ambayo gari la kunyonya majitaka halifiki kwa wembamba wa njia, mvua kubwa ikinyesha kuna wanaotapisha choo mtaroni usiku. Kila mtu anajua, hakuna anayesema, na mabondeni pembeni ya Mto Kizinga maji hayo ndiyo yanayoingia ndani ya nyumba za watu. Barabara na mitaro iliyojengwa na DMDP, mradi wa kuendeleza miundombinu ya Dar es Salaam, katika miaka ya karibuni imesaidia, kwa sababu palipopita lami na gari la majitaka linapita. Kama mtaa wenu umefikiwa, semeni. Kama haujafikiwa, semeni vilevile.

Kuhusu umiliki nitakuwa mfupi. Wengi wana karatasi ya kuuziana iliyoshuhudiwa serikali ya mtaa. Wachache wana hati. Katikati kuna leseni ya makazi, iliyoanza kutolewa Dar es Salaam miaka ya kati ya 2000 kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya 1999. Ni ya muda, lakini inatambulika. Mkiwa na mwanachama mwenye leseni hiyo, itajeni kwenye andiko.

Tuje kwenye kazi, na hapa ndipo andiko lenu litakapopimwa.

Watu husema nusu ya vijana wa Temeke hawana kazi. Usiandike hivyo. Kwanza hakuna namba ya kuaminika ya namna hiyo kwa wilaya. Utafiti wa Nguvu Kazi wa mwaka 2014 ulikuta ukosefu wa ajira kitaifa ni asilimia 10.3, na ule wa mwaka 2020/21 ukakuta 9.0. Dar es Salaam hali ni nzito zaidi: utafiti wa 2014 ulikuta zaidi ya mtu mmoja kati ya watano hana kazi. Huo ni mkoa. Mkitumia, tajeni kuwa ni ya mkoa na mwaka wake.

Pili, jueni nani anayehesabiwa kuwa ana kazi. Mdadisi anauliza kuhusu siku saba zilizopita. Aliyefanya kazi hata saa moja kwa malipo au faida katika siku hizo saba, huyo ana kazi. Binti aliyeuza maandazi asubuhi mbili ana kazi. Kijana aliyepakua lori moja Jumanne na kukaa kijiweni siku sita ana kazi. Nyuma ya asilimia ile, kwa hiyo, kuna watu wengi ambao vitabu vinasema wameajiriwa na tumbo linasema hapana. Shida ya Temeke kwa sehemu kubwa haimo kwenye kukosa cha kufanya. Hapa watu wanafanya kazi kupita kiasi, tangu saa kumi alfajiri. Shida ni kazi isiyojaza wiki na malipo yasiyojulikana kesho yatakuwa nini.

Nenda Keko ukaone. Ukitoka upande wa Chang'ombe, samani zimepangwa barabarani kwa urefu wa kuchosha miguu: vitanda, makabati, sofa bado zina mbao tupu. Simama kwenye sofa moja tu. Mbao za mifupa yake ni za paini kutoka Mufindi, zimeshushwa na vibarua wanaolipwa kwa lori. Fundi seremala amefunga fremu, analipwa kwa sofa. Kijana anayejifunza kwake anapiga msasa, huyo analipwa chakula cha mchana na nauli siku fundi akikumbuka. Mwingine kabisa, mwenye mashine yake ya cherehani chini ya turubai, anashona vitambaa. Mwingine anaweka sponji. Mwingine anapaka vanishi kwenye miguu. Mwenye eneo anachukua kodi ya nafasi, dalali anamvuta mteja aliyeteremka kwenye gari, na mwenye guta anaipeleka sofa Mbezi. Ni watu wanane au tisa wamekula kutoka kwenye sofa moja, na ukiwauliza kwenye dodoso karibu wote wataandikwa "amejiajiri". Yule anayepiga msasa naye? Hana ajira, hana biashara, hana mshahara, na ni fundi wa miaka mitatu ijayo. Dodoso halina mahali pake pazuri. Andiko lenu linaweza kumpa mahali.

Kazi za mshahara zipo. Kuna viwanda vya Chang'ombe na vya ukanda wa Barabara ya Nyerere, kuna nguo za kiwanda cha Mbagala, kuna bandari na bandari kavu za Kurasini zenye makarani, madereva, walinzi. Kuna hospitali, vyuo, shule, ofisi. Lakini viwandani wengi wanaingia kama vibarua wa siku, wanasimama getini asubuhi na kuchaguliwa. Biashara ndiyo inayobeba wengi: Tandika, soko la Stereo, Rangi Tatu, mama lishe, bodaboda, bajaji. Magari ya Lindi na Mtwara yanayopita Barabara ya Kilwa, hasa tangu Daraja la Mkapa la Mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, yameifanya Mbagala kuwa mlango wa kusini. Samaki wakavu, korosho, nazi na ndugu wanaotafuta maisha wanashukia hapo.

Ungeniuliza mimi, nisingetenganisha sura ya nyumba na sura ya kazi kama fomu inavyotaka. Kwa hapa kwetu ni kitu kimoja. Chumba cha mbele ni duka. Uani ndipo vitumbua vinapochomwa na juisi inapogandishwa. Cherehani yako iko chini ya dirisha la chumba unacholala, na mwenye nyumba akisema umeme umezidi, hajakugusa makazi peke yake, amekufunga kiwanda. Fomu ikiwa na visanduku viwili, jazeni vyote viwili, lakini kwenye cha pili andikeni wangapi kati yenu kumi na wanne wanashonea ndani ya chumba cha kupanga. Hiyo ni namba moja ambayo hakuna ofisi yoyote inayo, mnayo ninyi.

Jambo jingine dogo kuhusu jinsia. Mwaka 2022 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na wanawake 2,783,710 na wanaume 2,600,018. Kikundi chenu kikiwa na wasichana wengi kinafanana na mkoa wake, msione haya kulisema.

Kama fedha mnazoomba ni zile za halmashauri, zile asilimia 10 za mapato ya ndani zinazogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, rudini kwenye suala la mipaka kabla ya kupeleka karatasi. Orodhesheni wanachama na mahali kila mmoja anapolala. Nina hakika kati ya kumi na wanne kuna wawili watatu wanaolala Vikindu au Mwandege na kuja kushona Kizuiani. Halmashauri ya Temeke itawauliza barua za serikali ya mtaa, na barua ya Mkuranga haitasomeka Temeke. Mmalize hilo na mtendaji wa kata mapema, msije mkalikuta mezani.

Na kwa ajili ya andiko, namba za wilaya ziwe mistari minne mitano tu: 1,205,949 kwenda 1,346,674, mpaka umetajwa, Kigamboni na Mkuranga pembeni. Zinazobaki zikusanyeni wenyewe. Chukueni nyumba ishirini za mtaa wenu, si za marafiki, hesabuni kila nyumba ya tatu kuanzia kona moja. Uani hesabuni majiko. Ulizeni vyumba vingapi vimekuwa fremu. Kodi inalipwa kwa miezi mingapi. Maji ya jana yalitoka wapi. Kuhusu kazi, msiulize "una kazi?" maana wengi watawajibu "sina" huku wameshika sinia la karanga. Ulizeni: "Hela ya kula jana mliipataje?" Kisha mnyamaze, mwandike kama ilivyosemwa. Mkimaliza nitumieni hizo karatasi kabla hamjajumlisha, nizipitie.